Ziara binafsi ya siku moja Siem Reap: soko la alfajiri na mahekalu ya Angkor (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Ziara hii ni ya watu wako tu: familia, marafiki, au wewe peke yako, pamoja na gari, dereva na mwongozaji mwenye leseni. Inaanza sokoni Siem Reap, kaskazini-magharibi mwa Kambodia, kabla jua halijakolea, na inaishia Angkor Wat jioni. Yafuatayo ndiyo tunayoulizwa zaidi na wageni kabla ya kulipia. Saa zote tumeziandika kwa hesabu ya Kiswahili.

Kwa nini mnaanza sokoni badala ya mahekaluni?

Kwanza, soko halimsubiri mtu. Phsar Leu, soko kubwa la wenyeji kando ya Barabara ya Taifa Namba 6, linakuwa limechangamka ifikapo saa 12 asubuhi. Ukienda saa 5 utakuta joto, msongamano wa pikipiki na samaki waliobaki.

Sababu ya pili ndiyo tunayoijali zaidi. Mwaka 1296 mjumbe wa China aitwaye Zhou Daguan alifika Angkor, wakati huo mji mkuu wa Wakhmer, wenyeji wa Kambodia, akakaa karibu mwaka mzima, na akaandika aliyoyaona. Anasema biashara iko mikononi mwa wanawake. Soko linaanza alfajiri na kuvunjika adhuhuri. Maduka hakuna, kila muuzaji anatandika mkeka wake chini, mahali pake panajulikana, na anapalipia ushuru. Hayo aliyaandika zaidi ya miaka 700 iliyopita. Sasa ingia Phsar Leu: wauzaji wengi ni akina mama, wengine wamekaa juu ya meza pana za mbao katikati ya mafungu yao ya mboga, na kila mmoja anajua mpaka wake unaishia wapi na wa jirani unaanzia wapi.

Kutoka hapo tunakupeleka hekalu la Bayon, kwenye ukuta wa nje upande wa kusini. Juu kuna vita vya majini kati ya Wakhmer na jirani zao wa mashariki, Wacham, na wageni wengi hutazama hapo wakaondoka. Teremsha macho. Chini ya mashua kuna watu wa kawaida waliochongwa kwenye jiwe: mwanamke anauza samaki, mwingine ameshika mizani, wanaume wamekaa wakipiganisha majogoo, wapishi wako motoni. Mtu aliyetoka sokoni saa moja kabla anawatambua mara moja, kwa sababu ametoka kuwaona. Ndiyo maana tunakataa kugeuza mpangilio huu, hata mgeni akiomba alale kidogo.

Nitaona nini hasa hapo Phsar Leu?

Samaki, na tena samaki. Karibu na mji huu kuna ziwa Tonle Sap, ambalo wakati wa kiangazi lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 2,500, na mvua zikija linaweza kupita 15,000. Mto unaolitoa maji unageuka na kurudi nyuma, kwa kuwa mto Mekong unakuwa umejaa na kuyasukuma maji kuelekea ziwani. Misitu inafurika, samaki wanazaliana humo, na maji yakishuka watu wanavuna. Angkor isingelisha watu wake bila ziwa hili na mpunga.

Mavuno hayo yakizidi yanageuka prahok: samaki waliosagwa, wakatiwa chumvi na kuachwa wachachuke. Utaisikia harufu yake kabla hujaiona. Usikunje uso mbele ya muuzaji, tunakuomba. Simama, tazama rangi zinavyotofautiana kutoka beseni moja hadi jingine, na muulize mwongozaji ipi ni ya kupikia supu na ipi ni ya kuliwa na mboga mbichi. Kwa Mkhmer hicho ni kiungo cha kila siku, na jikoni kwake hakikosekani.

Pembeni kuna meza za viungo vilivyotwangwa vinavyoitwa kroeung: mchaichai, manjano, galangali, kitunguu saumu na majani ya ndimu. Mwenye kununua anaeleza anapika nini, naye mwenye meza anamchanganyia papo hapo. Kuna pia sukari ya mvumo iliyofungwa kwa majani ya mvumo huohuo, vipande vya duara vya rangi ya kahawia. Nunua hapa au ngoja tufike kijiji cha Preah Dak, ambako msimu wa kugema utakuta masufuria makubwa ya utomvu yakichemka kando ya barabara.

Tahadhari mbili: sakafu ina maji, kwa hiyo viatu vya wazi havifai, na nyama ya nguruwe inauzwa hadharani kama nyama nyingine. Usiyetaka kupita upande huo, mwambie mwongozaji mapema.

Na Phsar Chas, soko la kale la mjini?

Ni zuri kwa zawadi: skafu za Kikambodia ziitwazo krama, hariri, pilipili manga ya Kampot, vikapu. Limeelekezwa zaidi kwa watalii, na ndani yake bado kuna sehemu ya vyakula vya wenyeji. Hatuliweki kwenye siku hii kwa sababu liko katikati ya mji na unaweza kulifikia mwenyewe kwa miguu jioni yoyote.

Siku inakwendaje?

Tunakuchukua hotelini saa 11:30 alfajiri. Sokoni hadi karibu saa 1 na robo, kisha Bayon, ambayo inafungua milango saa 1:30. Baada ya hapo ni hekalu la Ta Prohm, chakula cha mchana mapema Preah Dak, halafu hekalu la Banteay Srei lililoko takriban kilomita 37 kutoka mjini. Angkor Wat tunaiweka mwisho, tukifika kama saa 9 alasiri. Unarudi hotelini magharibi.

Ni siku ndefu. Kwa kuwa ziara ni yako peke yako, ukichoka tunaondoa kituo kimoja, na ukipenda mahali tunakaa. Tukilazimika kupunguza, ushauri wetu ni kuacha hekalu moja na kulibakiza soko.

Mbona hamtupeleki kuona jua likichomoza Angkor Wat?

Ni mandhari ya kupendeza, hatubishi. Lakini kwa mwenye siku moja, saa hiyo ndiyo saa ya soko, na kwenye bwawa la mbele utasimama katikati ya umati wenye simu zilizoinuliwa. Tofauti na mahekalu mengi ya Wakhmer, Angkor Wat inatazama magharibi. Jua la alasiri ndilo linalopiga uso wake na kuyaangaza mawe. Ukiwa na siku ya pili, nenda alfajiri. Milango inafunguliwa saa 11.

Baada ya mahekalu mawili, si yote yanafanana?

Tunaulizwa hili mara nyingi, na jibu ni kwamba yanafanana kwa mtu aliyeyapita bila kuambiwa atazame nini. Tunachagua manne tu, na kila moja lina jambo lake.

Bayon tumeshaigusa. Aliyeijenga ni mfalme Jayavarman VII, mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa ya 13, katikati ya mji wake wa Angkor Thom. Baada ya kuta, panda juu kwenye minara yenye nyuso kubwa zinazotazama pande zote.

Ta Prohm ni ya mfalme huyohuyo, aliyoiweka wakfu mwaka 1186 kwa heshima ya mama yake. Kila mtu anaijua kwa miti iliyopanda juu ya kuta na kuzikumbatia kwa mizizi. Ipige picha, kisha sikiliza habari ya jiwe la maandishi lililopatikana hapo. Linataja watu 12,640 waliokuwa na haki ya kuishi ndani, na jumla ya watu takriban 79,000 wa kulihudumia na kulilisha kutoka vijiji zaidi ya 3,000. Linaorodhesha mchele, ufuta, asali, nta na nguo. Linataja pia hospitali 102 zilizokuwa nchini. Ukisimama pale ukiwa na picha ya mafungu ya sokoni kichwani, unaanza kujiuliza magunia hayo yote yalipita mlango gani. Hekalu kubwa lilikuwa taasisi ya uchumi: lilimiliki, lilipokea, liligawa.

Banteay Srei ni dogo, na wapo wanaofika wakauliza kama ni hili tu. Liliwekwa wakfu mwaka 967, karibu miaka 150 kabla ya Angkor Wat kuanza, na aliyelijenga ni Yajnavaraha, msomi aliyekuwa mshauri wa mfalme. Jiwe mchanga lake lina wekundu wa waridi na linakubali kuchongwa kama mbao ngumu. Inama utazame kizingiti cha juu ya mlango: ndani ya upana usiozidi mikono miwili kuna majani, wanyama, walinzi na mungu aliyepanda mnyama wake, na kina cha mchongo kinatosha kuingiza ncha ya kidole. (Usiingize. Mafuta ya ngozi yanaliharibu jiwe.)

Angkor Wat ilijengwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 12, enzi za Suryavarman II, kwa ajili ya Vishnu, mungu wa Kihindu, na baadaye ikawa ya Kibudha hadi leo. Mawe yake yalichimbwa karibu na milima ya Kulen na kusafirishwa kwa njia ya maji. Usikimbilie juu. Anza na ukuta wa mashariki, ambako miungu na mapepo wanavutana kwa nyoka mkubwa ili kuisukasuka bahari ya maziwa. Mchongo huo peke yake una urefu wa mita 49.

Tiketi ni kiasi gani, na siku moja inatosha kweli?

Tiketi ya siku 1 ni dola 37 za Marekani, ya siku 3 ni dola 62, ya siku 7 ni dola 72. Ya siku 3 unaitumia ndani ya siku 10, haina haja ya kufuatana. Inanunuliwa kwa Angkor Enterprise, mtandaoni au kwenye ofisi yao. Unapigwa picha na sura yako inachapishwa juu ya tiketi, hivyo haiazimwi. Inakaguliwa kwenye kila hekalu, na ukiipoteza unalipa upya. Watoto chini ya miaka 12 hawalipi, ila waje na pasipoti. Dola 2 za kila tiketi zinakwenda hospitali za watoto za Kantha Bopha, ambazo hutibu bure.

Siku moja inatosha kuonja. Mwenye nafasi tunamwambia wazi achukue tiketi ya siku 3, afanye ziara yetu siku ya kwanza, kisha arudi mwenyewe taratibu kwa tuktuk kwenye yale yaliyomgusa.

Nivae nini?

Mabega na magoti yafunikwe, wanaume kwa wanawake. Angkor Wat ni mahali pa ibada. Kwenye ghorofa ya juu kabisa, inayoitwa Bakan, walinzi wanamrudisha mtu, na khanga au mtandio uliotupiwa juu ya fulana isiyo na mikono usiutegemee. Shati jepesi la mikono linamaliza shauri. Viatu viwe vya kufunika vidole na visivyoteleza. Kofia utaivua unapoingia sehemu za ibada.

Wazazi wangu ni wazee, na nina watoto wadogo. Tutaweza?

Wazee wanaotembea vizuri wanaweza, tukienda kwa mwendo wao. Banteay Srei na Ta Prohm ni tambarare kwa kiasi kikubwa, ingawa vizingiti ni vingi. Bayon ina ngazi, lakini kuta tunazozipenda ziko chini, hivyo mzee hakosi kitu kikubwa akibaki huko. Bakan ina ngazi za mbao zilizo wima sana zenye vishikio. Watoto chini ya miaka 12, wajawazito na wenye maradhi ya moyo hawaruhusiwi kuzipanda. Siku tukufu za Kibudha, ambazo hufuata mwezi, inafungwa kwa watu wote.

Kwa anayetumia kiti cha magurudumu, tuandikie kwanza tupange njia nyingine.

Watoto wanawapenda nyani wa Angkor Wat na Bayon. Wasiwalishe na wasiwakaribie: wanang'ata, na kuumwa maana yake ni sindano za kichaa cha mbwa.

Tutakula nini? Mimi ni Mwislamu.

Preah Dak inajulikana kwa num banh chok, tambi nyembamba za mchele zinazomiminiwa mchuzi wa samaki wenye mchaichai na kuliwa na mboga mbichi na maua. Akina mama wanaziuza kando ya barabara. Ni mlo wa asubuhi na mchana, ndiyo maana hatuchelewi.

Kuhusu halali, tuambie unapohifadhi nafasi. Mchuzi wa samaki peke yake hauna shida, lakini masufuria ni ya pamoja, na mapishi mengine ya prahok huwekwa nguruwe. Siem Reap ina Waislamu wa jamii ya Cham, msikiti, na migahawa ya halali jirani na msikiti huo. Kwa wageni wanaozingatia hilo, tunabeba chakula kutoka huko. Mwenye mzio wa samaki au karanga naye atuambie mapema.

Mwongozaji anazungumza Kiswahili?

Hapana. Waongozaji wa Angkor ni Wakambodia wenye leseni ya Wizara ya Utalii. Tunayemtumia anazungumza Kiingereza cha taratibu. Kama kuna mzazi asiyekifuata, anasubiri mmoja wenu atafsiri, na muda huo tumeuhesabu kwenye ratiba. Popote utakaponunua ziara, omba kuona kitambulisho cha mwongozaji. Asiye na leseni haruhusiwi kukuelezea ndani ya mahekalu, na utaishia kutazama mawe kimya.

Kwa nini gari na si tuktuk?

Kwa Angkor Wat na Bayon tuktuk ni raha. Kwa Banteay Srei ni zaidi ya saa nzima ya vumbi au mvua kwenda, na hivyo hivyo kurudi.

Nibebe pesa gani, na bei inapatanwa?

Dola na riel, fedha ya Kambodia, zote zinatumika. Dola 1 ni kama riel 4,000, na chenji ndogo utarudishiwa kwa riel. Noti ya dola iliyochanika hata kidogo inakataliwa, kwa hiyo zikague kabla hujasafiri. Chukua noti ndogo.

Phsar Leu bei ni za wenyeji. Kung'ang'ania kupunguziwa riel 500 kwenye fungu la mboga hakumpendezi mtu. Kwenye maduka ya zawadi patana kwa tabasamu. Ukishataja bei na mwenzako akaikubali, umenunua.

Watoto wanaouza kadi na bangili mahekaluni tunakuomba usinunue kwao, ingawa ni vigumu moyoni. Kila bangili inayonunuliwa ni sababu ya kumtoa mtoto shuleni kesho. Nunua kwa mtu mzima aliye kibandani.

Naweza kununua kipande cha kale?

Usinunue, hata ukiambiwa kina karatasi. Kutoa vitu vya kale nchini bila kibali ni kosa, na wizi wa michongo umeyajeruhi mahekalu haya vibaya. Mwaka 1923 kijana Mfaransa, André Malraux, alikamatwa baada ya kung'oa michongo ya Banteay Srei. Baadaye akawa waziri wa utamaduni wa Ufaransa. Utaonyeshwa mahali penyewe. Sanamu mpya za wachongaji wa leo zipo nyingi na ni nzuri.

Picha zinaruhusiwa?

Ndiyo, kwa adabu. Sokoni omba kwa ishara, na ukikataliwa acha. Mtawa usimpige picha akiwa katika ibada, na wanawake wasimguse wala kumpa kitu mkononi moja kwa moja. Droni inahitaji kibali cha APSARA, mamlaka inayosimamia mahekalu ya Angkor. Usiibebe kwa kubahatisha.

Msimu gani ni mzuri?

Novemba hadi Februari pana ukavu na ubaridi kiasi, na watu ni wengi. Machi hadi Mei joto ni kali kweli. Juni hadi Oktoba kuna mvua, mara nyingi alasiri. Mahandaki ya maji yanayozunguka mahekalu yanajaa, mashamba ya mpunga yanakuwa kijani, na sisi wenyewe tunaupenda wakati huo. Epuka siku za Mwaka Mpya wa Khmer, katikati ya Aprili, na Pchum Ben, sikukuu ya kuwakumbuka wafu, ambayo huangukia Septemba au Oktoba: wauzaji wengi wanarudi vijijini kwao na soko linapoa.

Naweza kutua asubuhi na kuondoka jioni hiyohiyo?

Hatukushauri. Uwanja mpya wa ndege uliofunguliwa Oktoba 2023 uko mbali na mji, karibu saa moja kwa gari, na soko litakuwa limekupita. Lala usiku mmoja kabla. Ukifikiria kuingia kwa barabara kutoka Thailand, uliza kwanza: mwaka 2025 mpaka ulifungwa kutokana na mapigano kati ya nchi hizo mbili.

Viza inaombwa mtandaoni kwenye tovuti ya serikali ya Kambodia; jihadhari na tovuti za madalali zinazofanana nayo. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ibebe, kwa kuwa inadaiwa kwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo.

Bei yenu inajumuisha nini, na nikighairi?

Gari, dereva, mwongozaji, maji ya kunywa na kiamsha kinywa cha sokoni. Tiketi ya Angkor na chakula cha mchana unalipa mwenyewe. Bei ni ya gari zima hadi watu wanne, si ya kichwa. Bahshishi si lazima. Ukiridhika, mpe dereva naye, maana aliamka kabla ya wote.

Unaweza kughairi hadi jioni ya siku ya kabla bila kukatwa kitu. Unapotuandikia, taja tarehe, idadi ya watu na umri wa watoto, hoteli, masharti ya chakula, na kama kuna mtu mwenye shida ya kupanda ngazi.